Dunia Imeahidi, Mtaa Udai: Vidokezo 11 vya Kuzifikisha Ahadi za Intaneti Nyumbani

Tarehe 22 Septemba 2024, jijini New York, nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilipitisha Mkataba wa Kidijitali wa Dunia. Ziliahidi kuwaunganisha watu bilioni 2.6 waliokuwa bado nje ya intaneti, kufikisha mtandao shuleni na hospitalini, kulinda taarifa za watu na kujizuia kuzima intaneti. Miaka mingi kabla ya hapo kulikuwa na mikutano mikuu ya Umoja wa Mataifa kuhusu jamii ya habari, Geneva mwaka 2003 na Tunis mwaka 2005, nayo ilitoa ahadi za aina hiyohiyo. Ahadi tunazo tele. Tunachokosa ni watu wa kuzifuatilia mpaka kwenye kata, shule na zahanati.

Ahadi ni deni, na deni halilipwi bila mdai anayejua nani anadaiwa, kiasi gani na lini. Vidokezo hivi vimeandikwa kwa ajili ya mdai huyo: kikundi cha akina mama, kamati ya shule, redio ya jamii, chama cha watu wenye ulemavu, diwani kijana, mwalimu wa TEHAMA. Huhitaji shahada ya sheria wala tiketi ya ndege.

1. Chukua sentensi moja, achana na waraka mzima

Mkataba wa 2024 una malengo makuu matano: kuziba pengo la kidijitali, kuwashirikisha wote kwenye uchumi wa kidijitali, kuifanya mitandao kuwa wazi na salama, kusimamia data kwa haki, na kusimamia akili unde. Ukiyabeba yote kwa pamoja utachoka kabla ya kuanza. Usome mara moja kwa utulivu, kisha chagua sentensi moja inayogusa maisha ya watu wako. Kama eneo lenu lina shule zisizo na mtandao, chukua ile ya shule. Kama wasichana wanatukanwa na kutishwa mtandaoni hadi wanafunga akaunti zao, chukua ile ya usalama. Sentensi moja inayodaiwa kwa mwaka mzima huzaa matunda kuliko kurasa nzima zinazosomwa kwenye semina na kurudishwa kabatini.

2. Iandike upya kwa maneno ya mkutano wa kijiji

Lugha ya mikataba ni pana kwa makusudi, maana lazima nchi nyingi ziikubali. Kazi yako ni kuibana. Mkataba unasema shule na hospitali zote zitambuliwe zilipo na ziunganishwe, na unataja mpango wa Giga ulioanzishwa mwaka 2019 na UNICEF pamoja na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU. Wewe andika hivi: "Shule tatu za msingi za kata yetu ziwe na intaneti inayofanya kazi saa za masomo kabla ya mwaka wa fedha ujao kwisha, na halmashauri ilipie gharama ya kila mwezi."

Sasa kuna idadi, mahali, muda na mlipaji. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika zaidi. Kufunga vifaa ni sherehe ya siku moja. Kulipia huduma ni kazi ya kila mwezi, na shule nyingi hupoteza mtandao pale tu mfadhili anapoondoka.

3. Mjue anayehusika kwa jina la ofisi

Malalamiko yanayoelekezwa kwa "serikali" hayana mlango wa kuingilia. Kila ahadi ina ofisi yake. Mnara vijijini Tanzania ni kazi ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Kenya kuna mfuko wa aina hiyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na Uganda pia upo chini ya tume ya mawasiliano. Huduma mbovu au makato yasiyoeleweka Tanzania huenda kwanza kwa kampuni yenyewe, kisha kwa mdhibiti wa mawasiliano, TCRA. Na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano lipo ili kuwasemea watumiaji. Taarifa binafsi zina tume yake, na intaneti ya shule ina afisa elimu na mkurugenzi wa halmashauri. Tengeneza orodha ya ukurasa mmoja: ahadi upande wa kushoto, ofisi upande wa kulia. Ibandike mahali kikundi kinapokutania.

4. Fuata fedha kabla bajeti haijafungwa

Hapa ndipo ahadi nyingi hufia. Kenya, Tanzania na Uganda huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai, kwa hiyo ukienda kuomba mwezi Juni utaambiwa kwa upole kwamba umechelewa, na kweli utakuwa umechelewa. Kenya, mwelekeo wa bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio yenyewe kabla ya tarehe 30 Aprili. Ushiriki wa umma ni takwa la katiba, basi utumieni: nendeni na ukurasa mmoja, mtu mmoja wa kusema, na ombi moja. Tanzania, mipango huanzia kwenye vikao vya kijiji na kata miezi mingi kabla Bunge la bajeti halijakaa Dodoma. Ombi la intaneti ya zahanati likianzia huko chini, diwani ana cha kutetea kwenye baraza.

Zijue pia fedha za mawasiliano kwa wote. Mifuko hii hujazwa na michango ya kampuni za simu zenyewe. Kenya kila mwenye leseni huchangia asilimia 0.5 ya mapato yake. Ni fedha zilizokusanywa kwa ajili ya maeneo ambako biashara peke yake isingefika. Mwezi Mei 2023 Tanzania ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini kupitia UCSAF. Kama kata yako ilikuwa kwenye mradi, uliza mnara umewashwa lini na una kasi gani. Kama haikuwemo, uliza vigezo vilivyotumika kuchagua, na kata yenu inahitaji kuonyesha nini awamu inayofuata.

5. Pima, andika, tunza

Mali bila daftari hupotea bila habari. "Mtandao uko chini" ni kauli ambayo kampuni imeizoea. Lakini daftari linaloonyesha kasi ya intaneti asubuhi, mchana na usiku kwa mwezi mzima, katika vitongoji vitano, kwa mitandao yote inayopatikana, ni ushahidi usiopuuzika kirahisi. Programu za kupima kasi ni za bure. Gawaneni kazi: vijana wapime, mwalimu wa hesabu ajumlishe, redio ya jamii isome matokeo hewani.

Pimeni na bei. Mwaka 2018 kamisheni ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi ilijiwekea lengo kwamba kufikia 2025 kifurushi cha msingi kigharimu chini ya asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Wastani huficha mengi. Mama lishe anayebakiwa na shilingi 200,000 kwa mwezi, kwake asilimia 2 ni shilingi 4,000. Muulize anatumia kiasi gani kwenye bando, halafu linganisha. Ukikusanya majibu ya akina mama lishe, madereva wa bodaboda na wahitimu wasio na ajira, utakuwa na picha ya bei ambayo takwimu za taifa haziwezi kukupa.

6. Asiyekuwepo na lake halipo

Mikutano ya maendeleo ya TEHAMA mara nyingi hujaa wanaume wa mjini wenye simu janja. Halafu sera inatoka, na hakuna anayeshangaa kwamba imesahau watu. Kabla ya kikao chochote, jiulizeni nani hayupo, kisha ondoeni kinachomzuia. Akina mama wenye watoto wadogo hawawezi kikao cha saa kumi na mbili jioni. Wafugaji hawawezi cha msimu wa kuhama. Kiziwi anahitaji mkalimani wa lugha ya alama aliyepangwa na kulipwa mapema. Ndugu aliyeombwa palepale hatoshi. Anayetumia kiti cha magurudumu hafiki ghorofa ya pili isiyo na lifti.

Kwenye huduma za mtandaoni, fanyeni jaribio hili rahisi. Chukueni simu ya Android, washeni kisoma skrini cha TalkBack, kisha mwombeni mtu asiyeona ajaribu kuomba cheti cha kuzaliwa au kulipa ada kupitia tovuti ya serikali. Andikeni kila mahali anapokwama: kitufe kisicho na jina, picha isiyo na maelezo, fomu inayofungwa kabla hajamaliza. Ripoti hiyo ina nguvu ya kisheria nyuma yake. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 9, unataja wazi teknolojia ya habari na mawasiliano, na nchi zetu zimeuridhia. Kenya imekwenda hatua zaidi kwa kutoa mwaka 2022 kiwango cha taifa cha ufikivu wa TEHAMA, KS 2952. Kikundi cha Kisumu au Garissa kinaweza kukitaja kwa namba yake. Kikundi cha Tabora kinaweza kuuliza kwa nini nasi tusiwe na chetu.

7. Jadilini kwa Kiswahili tangu mwanzo

Ukialika wanakijiji kujadili waraka wa Kiingereza wenye tafsiri ya haraka ya mwenyekiti, umeshawaambia kwamba mjadala si wao. Andaeni muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, usomeke kwa sauti, urushwe redioni, urekodiwe kwa WhatsApp kwa wasiosoma. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Uganda ilikikubali kuwa lugha rasmi mwaka 2022, na UNESCO imekitengea tarehe 7 Julai. Hatuna sababu ya kujadili haki zetu za mtandaoni kwa lugha ya kukodi.

Mkataba wa 2024 pia unataka maudhui na teknolojia kwa lugha mbalimbali. Hilo mnaweza kulifanya kwa mikono yenu: changieni makala kwenye Wikipedia ya Kiswahili, au sauti zenu kwenye mradi wa Common Voice wa Mozilla, ili mashine zinazotambua sauti zimwelewe bibi wa Pemba, kijana wa Bukavu na dada wa Eldoret kwa lafudhi zao.

8. Tumieni sheria ya kupata taarifa

Kenya na Tanzania zote zilitunga sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Uganda ilitangulia mwaka 2005. Barua ya aya tatu inatosha: taja taarifa unayotaka, taja sheria, omba jibu kwa maandishi. Kenya ofisi ina siku 21 za kukujibu, Tanzania siku 30. Weka nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukinyimwa Kenya, Tume ya Haki ya Utawala hupokea rufaa. Ulizeni vitu vinavyohesabika: minara mingapi, shilingi ngapi, mkandarasi nani, mwisho wa mkataba lini.

9. Anzeni na data za watu mlizonazo wenyewe

Ahadi ya kulinda taarifa binafsi tayari imegeuka sheria kwetu. Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa mwaka 2014, ulianza kutumika tarehe 8 Juni 2023. Kenya na Uganda zina sheria tangu 2019, Rwanda tangu 2021, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kazi Mei 2023. Sheria hizi zina meno: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Kwa hiyo safisheni nyumba yenu kwanza. Orodha ya wanachama wa VICOBA ina namba za kitambulisho; nani anaiona? Namba za wazazi ziko kwenye simu ya mwalimu gani, na akihama zitakwenda wapi? Picha za watoto kwenye ukurasa wa shule zina idhini? Chukueni taarifa mnazohitaji tu, zifungieni kwa nywila, futeni zisizo na kazi. Kikundi kinachoheshimu siri za watu wake kina haki ya kudai heshima hiyohiyo kwa kampuni na serikali.

10. Idaini intaneti ya uchaguzi kabla ya uchaguzi

Uganda ilizima intaneti Januari 2021 wakati wa uchaguzi. Tanzania ilizimiwa siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025. Waliobaki gizani ni pamoja na wakala wa fedha za simu asiyeweza kukamilisha muamala, mgonjwa asiyeweza kumfikia daktari wake, na mzazi aliye ughaibuni asiyejua watoto wako salama au la. Jambo hili linauma, na halipaswi kuzoeleka.

Tamko la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu la mwaka 2019, kanuni ya 38, linazikataza serikali kukata intaneti. Mwezi Machi 2024 Tume hiyohiyo ilipitisha azimio namba 580 linalohusu hasa kuzimwa kwa intaneti nyakati za uchaguzi. Yatumieni mapema. Mwaka mmoja kabla ya kura, waandikieni wagombea, tume ya uchaguzi, mdhibiti wa mawasiliano na kampuni za simu, mkiuliza kwa maandishi kama watauweka mtandao wazi. Majibu yao yasomwe redioni. Wafundisheni wafanyabiashara kuandika hasara ya kila siku ikiwa intaneti itakatika: tarehe, saa, miamala iliyokwama, fedha zilizopotea. Kumbukumbu za namna hiyo ndizo wanasheria hulilia. Mwezi Juni 2020 mahakama ya jumuiya ya ECOWAS iliamua kwamba Togo ilikiuka haki ya kujieleza kwa kukata intaneti mwaka 2017. Kesi ilifunguliwa na asasi za kiraia pamoja na mwandishi wa habari.

11. Jengeni mnachoweza, kisha pandeni na ushahidi wenu

Si lazima kusubiri kila kitu. Kibera, Nairobi, mtandao wa jamii wa TunapandaNET umeunganisha shule na vituo vya vijana. Kondoa, mkoani Dodoma, jamii imewahi kutumia masafa ya televisheni yasiyo na kazi kufikisha intaneti shuleni. Kisiwani Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, Kongo, Pamoja Net ilizinduliwa mwaka 2016. Kenya ina utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii, ambao wanaharakati na mdhibiti waliujenga kwa kukaa meza moja. Mkiwa na mawazo kama hayo, anzeni na leseni na fundi wa kudumu wa hapohapo, vifaa vifuate.

Kisha pelekeni mliyojifunza juu. Jukwaa la Utawala wa Intaneti, IGF, lililozaliwa na mkutano wa Tunis, lilikaa Nairobi mwaka 2011 na Addis Ababa mwaka 2022. La Afrika lilikaa Dar es Salaam Mei 2025. Mikutano yake ya kimataifa huhudhuriwa hata kwa mtandao, bila kiingilio. Desemba 2025 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lililifanya kuwa jukwaa la kudumu, na mmoja wa mabalozi wawili walioongoza mashauriano yaliyozaa uamuzi huo alikuwa Ekitela Lokaale wa Kenya. Kwa hiyo kwenye meza za juu tunao watu wetu. Wanahitaji habari za kweli kutoka chini.

Kuna na mlango mwingine usiotumika sana. Kila baada ya miaka minne na nusu hivi, kila nchi hupitiwa na Baraza la Haki za Binadamu huko Geneva, na asasi yoyote inaweza kuwasilisha ripoti yake. Kikomo ni maneno 2,815 kwa asasi moja na 5,630 kwa asasi zilizoungana. Daftari lenu la kasi na bei, ripoti ya mtu asiyeona aliyekwama kwenye fomu, barua mlizojibiwa na zisizojibiwa: hivyo vinatosha kujaza kurasa hizo kwa ukweli mtupu. Serikali italazimika kusema mbele ya wenzake inakubali mapendekezo yapi, na hapo mtakuwa mmepata ahadi mpya, safari hii yenye jina la nchi yenu.

Ahadi nyingi za maendeleo zimepewa mwaka 2030 kuwa kikomo, na bajeti zilizobaki hadi hapo zinahesabika kwa vidole. Wiki hii chagueni sentensi moja. Mwezi huu iandikeni upya na mtafute ofisi yake. Kabla ya vikao vya bajeti, muwe mmeshaingia na ukurasa wenu mmoja mkononi, na akina mama, vijana, wazee na watu wenye ulemavu wakiwa wameketi mstari wa mbele. Kisha pangeni papo hapo tarehe ya kurudi kuuliza imefikia wapi, na mrudi kweli.